Mjukuu Wangu na Kisu cha Mjapani

Mjukuu wangu ni mtu mkubwa. Sisemi umri, nasema mwili. Mlangoni anapita kwa kuinama, na akikaa kwenye kochi la mama yake pale Deira, sisi wengine tunatandika mkeka. Tangu afike Dubai alikuwa mlinzi kwenye geti la maghala huko Jebel Ali, na kazi ile ilimkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mwizi akimwona anakumbuka shughuli nyingine. Kwa hiyo siku binti yangu aliponipigia simu, mimi niko zangu Tanga nachambua mchele, akaniambia kijana ameacha ulinzi na sasa anatengeneza sandwichi kwa Mjapani, nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia, "Mwanangu, usinichezee, nina kazi hapa."

Hakuwa akinichezea. Mzee mmoja wa Kijapani ana duka la sandwichi Al Quoz, mle mle kwenye magereji, na alikuwa akienda mwenyewe ghalani Jebel Ali kuchukua unga na mayai. Siku moja mjukuu wangu alimsaidia kupakia. Mzee hakutazama mabega yake wala nguvu zake. Alitazama alivyokuwa akiziweka zile trei za mayai garini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyepitiwa na usingizi. Akamuuliza kama anataka kazi.

Pale mtaani kwetu waliposikia walicheka. Jirani yangu mmoja aliniuliza, kwa sauti ili wengine wasikie, "Kumbe lile jitu siku hizi linapaka mikate siagi?" Nikamwambia, "Linapaka. La kwako linaila bila kuinunua." Hapo mazungumzo yakaisha.

Lakini na mimi nilikuwa sielewi. Sandwichi ni nini? Mkate, kitu katikati, mkate. Hata mtu aliyelewa anaweza. Mjukuu wangu akanieleza kwa simu kwamba kwa Mjapani yule mambo si hivyo. Alipoingia alipewa masinki. Akaosha vyombo mpaka vidole vikawa kama zabibu kavu. Kisha akapewa mayai, ayachemshe, ayamenye bila kuyajeruhi. Kisha akaruhusiwa kupanga. Lakini kukata hakukata. Katika duka lile kukata ni kazi ya mzee peke yake, kama ilivyokuwa kazi ya baba yake kabla yake, kwao Japani, kwenye kiduka cha jirani na stesheni ya treni. Kwa sababu mkate wao haukatwi ovyo. Unajazwa, unafunikwa kitambaa kibichi, unakandamizwa, unaachwa utulie, halafu unapigwa kisu mara moja, na pale kilipopita kisu ndipo mteja anapopatazama. Anaona ndani yote kabla hajaonja. Pakipinda kidogo tu, haiuzwi.

"Basi ni uso wake," nikamwambia.

"Ndiyo, bibi. Ni uso wake."

Mwaka huu wakanikatia tiketi, nikaja. Nilifikia kwa binti yangu Deira, ambaye anafanya kazi kwa wakala wa mizigo, na jioni ya pili tukala wote watatu, wali na changu wa kukaanga. Ndipo mjukuu wangu akanipa habari yenyewe. Kifundo cha mkono wa mzee kilikuwa kinamuuma mpaka kisu kikaanza kutetemeka mkononi. Alitakiwa arudi kwao akatibiwe, na hakuna aliyejua atakaa huko muda gani.

"Kesho mikate yote ya asubuhi nakata mimi," akasema. "Mbele ya wateja. Mzee atasimama pembeni yangu. Asipokigusa kisu mpaka trei ziishe, ananiachia duka mpaka atakaporudi. Akinyoosha mkono akakichukua, basi, anafunga duka, na mimi narudi getini."

"Getini watakupokea?"

"Wameshaniuliza nitarudi lini."

Alilisema hilo akiutazama wali. Mtu mwingine angesema hakujali, lakini mimi nimemlea. Mama yake alikuja huku Dubai yeye akiwa hajaota meno yote, akabaki na mimi, na najua akijali kitu anasema kidogo na anakula polepole. Alikuwa akila polepole. Na alikuwa akila kwa mkono wa kulia, nilitazama, maana huwa natazama.

Hili nalo niliseme. Mtoto yule alizaliwa wa kushoto. Kijiko kushoto, jiwe kushoto, kila kitu kushoto. Mimi kwenye sinia langu mkono wa kushoto hauingii. Ulipoingia niliupiga kwa mwiko, na ulipozidi niliufunga kwa kipande cha kanga mpaka watu washibe. Alilia, akazoea, akawa mtu. Wapo siku hizi wanaosema si vizuri kumfanyia mtoto hivyo. Waje wakae kwenye sinia langu niwaone.

"Mzee ameniagizia kisu changu mwenyewe kutoka kwao," akaongeza.

"Kizuri?"

"Kizuri sana." Akatoa mwiba wa samaki mdomoni. Nilidhani ananyamaza kwa adabu. "Bibi, usije kesho. Njoo kesho kutwa."

"Nimepanda ndege nije nikuone ukifanya kazi. Kesho kutwa nije nione nini? Ukifagia?"

Binti yangu akasema, "Mwache aende. Lakini mama, ukifika kule ukae kimya. Lile duka watu hawasemi."

"Mimi lini nimesema sana?"

Wote wawili wakainamia sahani zao.

Asubuhi, mjukuu wangu alikuwa ameshatoka zamani. Niliswali alfajiri, nikavaa buibui langu jipya na viatu vya kuendea harusini, binti yangu akaniita teksi kwa simu yake, akaniweka ndani kama kifurushi, akaenda zake kujitayarisha kwa kazi. Dereva alikuwa Mpakistani. Yeye Kiswahili hajui, mimi chake sikijui, na tuliongea njia nzima. Nadhani alinieleza kuhusu watoto wake. Mimi nilimweleza kuhusu kisu.

Al Quoz haipendezi, na asikudanganye mtu. Matairi, vyuma, mabasi ya makampuni yanashusha vijana waliolalia vioo mpaka mashavu yamechorwa. Harufu ya rangi ya magari inakupiga kabla hujafungua mlango wa teksi. Duka lenyewe limebanwa kati ya gereji na ghala la marumaru, na mlango wake ni mdogo, wa mbao, umetundikwa pazia fupi la buluu lisilositiri kitu. Nikasema moyoni, kitambaa kiliwaishia. Lakini nje palikuwa na foleni. Watu wa magari ya fahari na watu wa ovaroli, mstari mmoja, wametulia kama wanangoja daktari.

Mlangoni alisimama msichana wa Kiganda mwenye aproni nyeusi. Aliniona, akanijia moja kwa moja, akaniita bibi kwa Kiganda chao.

"Jaja, karibu. Wewe ndiye bibi ya huyu mkubwa?"

"Ndiye mimi. Umenijuaje?"

"Pua. Pua ni ile ile."

Nilishaambiwa kwamba Wajapani hawaingii ndani na viatu, basi nikavivua pale pale, nikavishika mkononi, nikawa tayari. Yule msichana akanishika bega. "Jaja, hapana, vaa. Hii ni duka. Utachomwa na hii sakafu." Mtu mmoja wa ovaroli kwenye foleni alicheka, nikamtazama, akaacha.

Akanipitisha mbele ya wote kwa sababu ya uzee wangu, na hakuna aliyenung'unika. Ndani palikuwa padogo. Kaunta moja ya mbao, viti virefu visivyo na mgongo, na ukutani picha ya duka la baba yake mzee, lile la jirani na stesheni. Watu walikuwa wamekaa, na kweli hawakuwa wanasema. Hata kukohoa walikohoa kwa kuomba radhi. Nilipandishwa kiti cha kati, miguu ikabaki inaning'inia kama ya mtoto. Kushoto kwangu alikaa mama wa makamo yangu, abaya nyeusi, barakoa ya kizamani usoni, mikono imejaa hina na dhahabu. Nikamtolea salamu, akaitikia, akarudisha macho mbele. Nikajua ni Mwarabu wa hapa, nikamwacha na dhahabu yake.

Na mbele yetu, upande wa pili wa kaunta, mjukuu wangu. Amevaa shati jeupe, kichwani kofia nyeupe kama ya haji. Aliniona, akapeleka macho kwa mikate. Pembeni yake mzee wa Kijapani, mfupi, mwembamba, nywele nyeupe, mkono mmoja umezungushiwa bendeji. Amesimama wima kabisa, mkono wa bendeji uko mgongoni. Wawili wale walikuwa kama nazi na kokwa ya tende.

Mjukuu wangu alianza. Nilitamani wale wa mtaani kwetu wangekuwepo. Mkono mkubwa namna ile, kiganja kama kata ya kutekea maji, ukapaka siagi kwenye mkate mweupe laini bila kuukwaruza. Akaweka mayai yaliyopondwa, akayasawazisha mpaka pembeni, akafunika. Mingine iliyokwisha kutulia ilikuwa inangoja chini ya kitambaa kibichi. Akanawa mikono. Akafunua kitambaa. Nikaona midomo yake inasema bismillahi. Akakivuta kisu kutoka kwenye ala yake ya mbao, kirefu, kinang'aa, na akakishika kwa mkono wa kushoto.

Sikupanga kusema. Watu huniuliza, mbona ulisema, na mimi nawajibu kwamba siyo mimi niliyesema, ni mdomo. Nimekaa miaka mingi kwenye sinia nikimwangalia mkono ule. Niliuona unakwenda kwenye chakula, mbele ya watu, mbele ya wageni, na neno likatoka kabla sijaliona.

"Kulia."

Katika duka lile lisilo na sauti, lilitoka kama sufuria iliyoanguka.

Na yeye, mwanamume mwenye ndevu, aliyewahi kumkamata mwizi wa nyaya kwa mkono mmoja, akahamisha kisu. Hata hakufikiri. Mkono wa kushoto ukampa wa kulia, papo hapo, kama alivyokuwa akifanya na tonge la ugali. Akashusha kisu.

Kisu kikakimbia. Nilikiona kwa macho yangu kinaingia sawa juu, halafu kinapinda kwenda nje, chenyewe, na mkate ukafunguka upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba, yai limetokeza kama ulimi. Uso ule ulikuwa umekunja sura.

Mzee akautazama mkate. Akasema neno moja, la Kiarabu kama watu wote wa hapa: "Khalas." Halafu akautoa mkono wake kutoka mgongoni, ule wa bendeji, akaunyoosha mbele ya mjukuu wangu, kiganja juu, akangoja kisu.

Nilielewa maana yake. Nilielewa kuliko wote waliokuwa mle. Niliona geti la Jebel Ali, na mtoto wangu amesimama juani na kirungu.

"Bibi," mjukuu wangu akasema kwa sauti ndogo, bado ameshika kisu, "hiki ni cha kushoto. Mzee alikiagiza kwa ajili yangu. Kimenolewa upande mmoja tu. Ukikishika kwa kulia kinakwenda kombo."

"Sasa mbona ulikishika kwa kulia?"

"Si umesema."

Ndipo yule mama wa barakoa akageuka kwenye kiti chake, dhahabu zikalia, akanisemesha kwa Kiswahili cha Unguja kisafi, kile cha kale, kama mtu aliyekuwa amekihifadhi kabatini. "We bibi, umetokea wapi na sauti hiyo?"

Nilipigwa na butwaa, lakini mdomo haukupigwa. "Tanga."

"Ndo maana. Mie nimetoka Unguja mtoto mdogo, na hata huku nilishasikia habari ya midomo ya Tanga. Mwache mtoto akate. Tuna njaa."

"Na wewe unajua Kiswahili muda wote umekaa kimya?"

"Nilikuwa nakula ukimya. Umeumwaga."

"Nyinyi Waunguja mnaongea polepole mpaka chai inapoa. Unataka chakula kishikwe kwa kushoto, mbele yako?"

"Nani anayekula? Anakata. Wa kulia ni mkono wa kula, bibie. Kisu kinakula? Kina tumbo?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mzee wa Kijapani alikuwa anatutazama, mkono bado umenyooshwa, kwanza yule mama, kisha mimi, kama mtu anayetazama kuku wawili waliomwingilia sebuleni. Akamuuliza msichana wa Kiganda kitu. Msichana akamjibu kwa Kiingereza, akinyooshea kidole pua yangu na pua ya mjukuu wangu. Mzee akauliza tena, neno fupi.

"Jaja," msichana akaniambia, "boss anauliza wewe ulikuja kukula ama ulikuja kufanya kazi?"

Watu wakainamisha vichwa. Yule mama wa barakoa alikuwa anacheka, nilijua kwa mabega. Mimi ni mtu mzima. Nimezika mume, nimelea wajukuu, nimegombana na mabalozi wa nyumba kumi nikawashinda. Kujirudi mbele ya watu si kazi ninayoijua. Lakini ule mkono wa bendeji ulikuwa pale, na kisu kilikuwa kimeanza kuinuka kuuendea. Mjukuu wangu alikuwa anakitoa. Kwa adabu zangu mwenyewe, nilizomfunza mimi, alikuwa anakitoa.

"Mwambie nimekuja kula," nikasema. "Na mwambie kosa ni la mdomo wangu, mkono wa mtoto hauna kosa. Mtoto nilimfunza hivyo, akisikia sauti yangu anabadili mkono, hata akiwa usingizini. Siyo kwamba hajui kukata. Amjaribu tena mimi nikiwa nimenyamaza."

Msichana akatafsiri. Sijui kama alitafsiri yote, ilikuwa fupi mno. Mzee hakusema ndiyo, hakusema siyo. Mkono haukurudi, ila na kisu hakukipokea.

Nikamgeukia mjukuu wangu. "Kata kwa kushoto."

Akanitazama. Hakusogea. "Kweli, bibi?"

"Kweli. Nimekuruhusu."

"Hutasema baadaye nyumbani?"

"Nyumbani nitasema. Hapa kata."

"Kwa kushoto?"

"Kushoto, kushoto, kushoto. Unataka niandike ukutani? Lakini ukija kula, utakula kwa kulia, hilo halijabadilika na halitabadilika nikiwa hai."

"Alhamdulillahi," akasema mama wa barakoa. "Leo tutakula."

Mjukuu wangu akautazama mkono wa mzee. Mzee akautazama mkono wake mwenyewe, kama mtu aliyesahau alikuwa ameutoa kwa ajili gani, kisha akaurudisha mgongoni.

Mjukuu wangu akafuta kisu kwa kitambaa kibichi, upande huu, upande huu. Akavuta mkate mwingine. Midomo ikasema bismillahi. Kisu kikaingia kwa kushoto, kikateremka bila sauti, kikagusa ubao. Akaitenganisha, akaisimamisha uso juu, na yai lile lilikuwa limetulia katikati ya mikate miwili myeupe, limenyooka toka pembe mpaka pembe, kana kwamba limepigwa rula. Mimi nilishika ukingo wa kaunta. Akakata ya pili. Akakata zile za stroberi na krimu, ambazo ndizo ngumu, maana tunda linateleza, nazo zikafunguka, kila tunda limegawika katikati kabisa, jekundu ndani ya nyeupe. Alikata bila haraka. Kila mara anafuta, anavuta, anashusha. Ulimi ulikuwa umetokeza kidogo pembeni ya mdomo kama alipokuwa mdogo anajifunza kufunga kamba za viatu, nikaumeza mdomo wangu nisimwambie aurudishe.

Msichana wa Kiganda akaniletea yangu ya yai kwenye kisahani, na yule mama akaletewa yake. Mimi siwezi kula na mtu yuko pembeni nisimkaribishe, hata kama ana chake.

"Karibu," nikamwambia.

"Ahsante, starehe. Karibu na wewe."

"Ahsante."

Basi tukala. Alijua kuinua barakoa kidogo kwa mkono mmoja na kupitisha mkate chini yake bila kuidondoshea hata chembe, na mimi nikamsifia. Na mkate wenyewe nitasema ulivyokuwa. Meno hayakuwa na kazi. Ulikuwa kama kumbusu mtoto mchanga shavuni halafu ukagundua shavu lina yai. Ule ugumu wa pembeni waliuondoa wote, hakuna pa kuhangaikia. Yai lilikuwa na utamu kidogo, na kitu kama haradali kwa mbali. Chumvi ilipungua. Nikamwomba msichana pilipili, akasema hapa hawaweki pilipili. Nikamwambia basi akawaambie waanze. Niliimaliza yote, nikaokota na chembe kwa kidole.

"Huyu ni mwana wa nani kwako?" mama wa barakoa akaniuliza.

"Wa binti yangu. Lakini nimemlea mimi."

"Inaonekana. Amekuogopa kuliko kisu."

"Na hivyo ndivyo inavyotakiwa."

"Mimi wa kwangu hawaniogopi. Wananiletea maua." Alilisema kwa huzuni hata nikataka nimpe anwani ya sinia langu.

Trei zilikuwa zinaisha. Foleni ilikuwa inaingia, inakula, inatoka, na wengi walibeba visanduku vyao wakaenda kula garini. Mzee alibaki palepale pembeni, mkono mgongoni. Kila sandwichi ilipofunguliwa alitupa jicho mara moja. Ilipofika trei ya mwisho aliacha hata kutupa jicho, akawa anatazama picha ya ukutani, duka la baba yake. Mjukuu wangu akakata ule wa mwisho, akafuta kisu, akakilaza juu ya kitambaa. Kisha wakatazamana. Mzee akainama kidogo, kichwa na mgongo pamoja, vile wanavyoinama wao, na mjukuu wangu akainama, mwili wote ule, mpaka nikaogopa atavunja kaunta.

Halafu mzee akavua aproni yake. Akaikunja, akaiweka chini ya kaunta, akazunguka akatokea upande wetu wa wateja. Msichana wa Kiganda aliziba mdomo kwa mkono. Aliniambia baadaye kwamba tangu aanze kazi pale hajawahi kumwona mzee upande ule isipokuwa akifagia. Mzee akasimama nyuma ya viti, akatazama kama kuna nafasi. Hakukuwa na nafasi. Vyote vilikuwa na watu.

Mjukuu wangu akaegemea kaunta, akanisogelea uso. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini haikuwa ile ya jana kwenye wali. Ilikuwa sauti ya mwenye duka.

"Bibi, wewe umeshakula. Mpishe mzee akae."

Tangu azaliwe hajawahi kuniambia ondoka mahali. Mama wa barakoa akaacha kutafuna, akangoja aone nitafanya nini. Mimi nikalitazama lile jitu, kofia nyeupe, mikono inanuka siagi, linanisubiri nishuke ili kazi iendelee.

"Nishike mkono," nikamwambia yule msichana, "kiti hiki ni kirefu."

Nikashuka. Mzee akaniinamia, nami nikamwinamia vile vile, ingawa kiuno changu hakikubali kurudi haraka. Akapanda, akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta kama mteja mwingine yeyote, ule wa bendeji juu ya ule mzima. Mjukuu wangu akamuuliza anataka ya nini. Akasema ya yai, na mikate ya mchana ilikuwa imeshatulia, inangoja chini ya kitambaa.

Sikungoja nione inavyokatwa. Nilijua. Niliagana na mama wa Unguja, tukaahidiana nitakwenda kwake kunywa chai iliyopoa, nikainua lile pazia fupi nikatoka nje. Jua lilikuwa limepanda, gereji limeanza kelele, na foleni bado ilifika mpaka kwenye marumaru. Nikaifuata yote, kuanzia wa mbele mpaka wa mwisho, nikimwambia kila mmoja kwa Kiswahili kwamba anayekata humo ndani ni mjukuu wangu. Mhindi, Mfilipino, Mwarabu, wote waliitikia kwa kichwa. Yule wa ovaroli aliyenicheka viatu alikuwa karibu na mlango, anaondoka na kisanduku chake. Huyo nilimwambia mara mbili.